Mlango Ulioanza Wimbo wa Mwisho

Kila anayeisikiliza santuri yetu hadi mwisho huniuliza: ule mlio unaoanza wimbo wa tisa ni wa nini? Wengine husema ni zeze. Bwana mmoja msomi alinieleza mimi, mimi niliyekuwepo, kwamba ni upinde unaoburuzwa taratibu kwenye nyuzi za besi, tena akasifia jinsi ilivyo kazi ngumu. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia, "Baba, ule ni mlango." Hakuniamini, nami sikujihangaisha naye.

Ni mlango wa mninga wenye bawaba mbili zilizoliwa na kutu, uliotoka Msimbu kule Kisarawe ukaja Kibaha juu ya lori. Na ule mguno wa mwanamume unaosikika katikati ya wimbo ni wa mjomba wangu, na sababu yake ni uzito wangu. Nitaeleza yote, ila niacheni nieleze kwa mwendo wangu.

Nilizaliwa Msimbu, kwa bibi mzaa mama, miaka kumi hivi kabla ya Uhuru. Kwetu Uzaramoni msichana akivunja ungo huwekwa ndani, akafundwa na wanawake. Huyo ndiye mwali. Mambo ya ndani ni ya ndani, msitarajie niyaseme hapa. Lakini siku ya kutolewa ni ya watu wote. Ngoma hulia mchana kweupe, mlango unafunguliwa, mwali anatoka akiwa juu ya mabega ya mjomba wake, anatuzwa kanga, anapigiwa vigelegele mpaka masikio yanaziba. Kuanzia hapo ni mtu mzima. Mimi niliwekwa ndani, nikakaa wiki tatu, na sikutolewa.

Kosa langu lilikuwa kufaulu mtihani. Baba yangu alikuwa dereva wa serikali, kikazi akikaa Kibaha, na barua ya shule ya sekondari ilifika kwake. Akaja nayo Msimbu asubuhi. Bibi akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Baba, kwa kuwa ni mkwe, hakuthubutu kumtazama usoni. Alizungumza huku macho yakiwa kwenye mkorosho.

"Mama, shule inafunguliwa keshokutwa."

"Ngoma haijalia. Mwali hatoki."

"Mama, nchi imepata Uhuru. Uhuru haungoji mtu amalize kukaa ndani."

"Basi mwambie huo Uhuru aje yeye anitoe hapa mlangoni."

Walipokuwa wanabishana, mama yangu aliingia kwa nyuma, akanishika kiuno, akanisukuma nje kwa dirisha la chumbani. Nilianguka kwenye matuta ya mihogo. Nikafika sekondari nikiwa na mchubuko gotini na mafuta ya mwali bado mwilini, wasichana wenzangu wakauliza ninanukia nini.

Bibi hakunilaani, wala hakununa. Alifanya jambo baya zaidi. Wajukuu zake wote wa kike alikuwa akiwaita "mke mwenzangu", kwa utani ule wa bibi na mjukuu, kana kwamba wote wameolewa na babu. Wote, hata wa kutambaa. Mimi tu, tangu siku ile, alianza kuniita "mwali". Nimemaliza kidato cha nne, mwali. Nimepata kazi ya kupiga taipu ofisini kwenye shule moja kubwa ya Kibaha, nina mshahara wangu, namletea sukari na sabuni, "Ahsante, mwali." Kwenye ngoma za binamu zangu, nikishika ngoma tu, anainyang'anya. "Weka. Aliyetokea dirishani hajatoka."

Iliniuma. Nasema wazi, iliniuma kuliko jambo lolote la ujana wangu, na nilikuwa na mambo kadhaa ya kuniuma. Nilichokitaka duniani hakikuwa kikubwa. Nilitaka bibi aniite mke mwenzangu, basi.

Na uchungu wake ni kwamba kupiga ngoma alinifundisha yeye mwenyewe. Bibi ndiye aliyekuwa mpigaji wa ngoma za wanawake kuanzia Msimbu hadi Marui. Katika zile wiki tatu alikuwa akigeuza beseni juu chini, anagonga, nami nagonga kwenye paja langu. Nikikosea ananifinya. Sikukosea sana.

Sasa tuje Kibaha. Katika ukumbi wa ile shule kulikuwa na piano iliyoachwa na walimu wa kigeni walipomaliza mkataba wakarudi kwao. Miguu yake ilisimama ndani ya makopo ya mafuta ya taa ili mchwa wasipande, na vibonyezo vitatu vya upande wa kushoto vilikuwa vinazama bila kurudi wakati wa masika. Aliyeipiga alikuwa mwalimu wetu wa hesabu, Mnyamwezi wa Tabora, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wageni walimwachia pia santuri chache za jazi ya kwao, jazi ya piano. Alizisikiliza mpaka zikaanza kukwaruza.

Siku moja aliingia ofisini kuchukua mitihani akanikuta nimemaliza kuchapa, nagonga meza kwa vidole. Akasimama. Akaniambia nirudie. Nikamuuliza kama hana kazi ya kufanya. Akasema, "Dada, kazi nimeshaipata." Jumamosi iliyofuata nilikuwa ukumbini na ngoma mbili na upatu, na upande wangu wa kulia yupo seremala wa shule, mzee wa kanisa kutoka Morogoro, mtu wa maneno matatu kwa siku. Seremala alikuwa amejitengenezea besi kubwa kumpita yeye mwenyewe, kwa mbao za vitanda vya bweni vilivyovunjika. Nyuzi zake zilikuwa waya za breki za baiskeli. Usicheke. Ilinguruma vizuri sana.

Tulipiga nyimbo za kwetu: za kulima, za kubembeleza mtoto, za kutwanga. Mwalimu anaupiga wimbo kama ulivyo, mara moja, kwa adabu. Kisha anaanza kuuzungusha, anautupa, anaudaka, anauchelewesha, mpaka unadhani ameupoteza. Halafu huyu hapa, anarudi nao. Watu wa Maili Moja, hapo hapo jirani, waliosikia kuwa shuleni kuna jazi walikuja wakitegemea magitaa na wachezaji. Wakatazama watu watatu tumekaa. Mmoja akauliza kama bendi yenyewe bado iko njiani. Lakini walikaa, na Jumamosi ya pili walileta wake zao.

Habari zikafika redioni Dar es Salaam. Siku hizo wakubwa walikuwa wanataka sana muziki wenye asili yetu, na wale wa redio wakasema watakuja na mashine yao kutunasia nyimbo tisa, na zikiwa nzuri zitapelekwa kufanywa santuri. Nyimbo nane tulikuwa nazo. Mwalimu akasema ya tisa anayo, ila atatushtukiza nayo mbele ya watu Jumamosi, tuone kama tunaweza kuifuata bila kufundishwa. Watu wa piano wana majivuno, Mungu awasamehe.

Jumamosi ikafika, ukumbi umejaa, mwalimu akaanza. Nota nne tu za kwanza, mikono yangu ikaganda. Ulikuwa wimbo wa kumtoa mwali, ule wa nje. Aliusikia mahali fulani njiani, akaupenda, akaja nao, na yeye ni mtu wa Tabora, atajuaje? Alidhani ni wimbo wa furaha tu, kama nyimbo nyingine za furaha. Wimbo ule haupigwi hivi hivi. Ukipigwa, mwali yupo nyuma ya mlango. Na ukishaanza haukatwi mpaka atoke.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa kwa kishindo. Wapishi wa shule, wanawake wa Mlandizi na Kisarawe, wakatoka na miko mikononi, vigelegele juu, mmoja ameshavua kanga ya begani tayari kwa kutuza. Wakazunguka ukumbi wakicheza. Wakamaliza mzunguko. Wakasimama.

"Mwali yuko wapi?"

Mwalimu akaacha kupiga. Kosa la pili. "Jamani usikate!" wakapiga kelele. "Mwali yuko wapi?" Ndipo mpishi mmoja, wa Msimbu, ambaye mama yake na bibi yangu huchota maji kisima kimoja, akaninyooshea mwiko.

"Mwali si huyo hapo! Anataka kujitoa mwenyewe kwa ngoma yake mwenyewe!"

Ukumbi mzima ukacheka. Nikachukua upatu wangu nikatoka nje. Mwalimu akanifuata mpaka kwenye michungwa akiomba radhi kwa jambo asilolijua, na hilo likanizidishia hasira. Nikamweleza, kwa ukali, kuanzia barua ya shule mpaka dirisha. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha, badala ya kusema pole kama mtu mwenye akili, akasema, "Ndio wimbo mzuri kuliko zote tulizonazo."

"Basi uupige na mwingine."

"Bila wewe hakuna santuri."

"Bila bibi yangu hakuna mimi," nikamwambia. Maneno yalinitoka tu, lakini yalikuwa kweli.

Ikabidi twende Msimbu, mimi na mwalimu na seremala, Jumapili baada ya ibada ya seremala. Basi hadi Dar, jingine hadi Kisarawe, iliyobaki miguu. Bibi hakuwa tena mahali pa zamani. Ulikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa. Watu wote wa mashambani walikuwa wamehamishiwa kando ya barabara, nyumba zimepangwa mstari. Nyumba niliyowekwa ndani ilibomolewa, miti na makuti vikabebwa, kuta zikaachiwa mvua.

Nilimweleza bibi shida yetu. Alikuwa anamenya mihogo, hakuinua kichwa.

"Wimbo wa kumtoa mwali hupigwa mwali akitolewa. Wewe ni mwali, hujatolewa."

"Basi nitoe, bibi."

Kisu kikasimama. Nilikuwa sijawahi kumwomba. Miaka yote ile nilikuwa nimekasirika, na mtu aliyekasirika haombi.

"Nikutoe wapi?" akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi tena. "Mwali hutolewa kwenye mlango wa nyumba alimowekwa. Nyumba ile iko wapi? Serikali imetuleta huku barabarani. Umechelewa, mwanangu. Hata mimi ningetaka."

Hapo nikajua kwamba naye ilikuwa inamuuma. Machozi yalinijia, nikayafuta na kitambaa cha kichwa.

Mwalimu hakuwa amesema kitu tangu shikamoo. Sasa akaketi chini kwenye mchanga, akanyoosha miguu, akamwangalia bibi.

"Wewe bikizee, mimi ni Mnyamwezi. Nimetoka mbali nikidhani nimekuja msibani kwako, kumbe hujafa?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini bibi aliinua kichwa, na uso wake wote ukafunguka. Nilikuwa nimesahau. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara ya pembe.

"Nife nani anizike, na nyinyi watumwa wangu mmepotelea Tabora mnakula asali?"

"Nimekuja kuchukua changu. Mtani akifika haondoki mikono mitupu."

"Chukua jogoo, uondoke na njaa yako."

"Jogoo lako limekonda kama wewe. Nataka ule mlango."

Wote tukageuka. Nyuma ya nyumba, juu ya mawe manne, ulilazwa mlango, mihogo imeanikwa juu yake. Nilikuwa nimepita pembeni yake bila kuutambua. Walipohamishwa, watu walibeba vyenye thamani: vyungu, kuku, jembe. Bibi alibeba mlango wake, kwa sababu babu aliuchonga mwaka waliooana. Nyumba mpya ilipata mlango wa bati, na ule wa mninga ukawa kichanja.

"Mlango ule ule?" mwalimu akauliza.

"Ule ule."

"Basi ulichokosa ni ukuta tu. Ukuta tunao Kibaha. Fundi, unaweza kuusimamisha?"

Seremala akauzunguka mlango, akaugonga kwa kidole, akatumia maneno yake matatu ya siku ile. "Naweza. Kesho kutwa."

Bibi angeweza kukataa, na mtu yeyote mwingine angemkatalia. Lakini mtani akishachukua kitu hanyang'anywi, kila mtu anajua. Wala yeye hakutafuta njia ya kumnyang'anya. Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akainuka, akaanza kuondoa mihogo yake juu ya mlango, mmoja mmoja.

Siku ya redio, lori la shule lilikwenda Kisarawe kuchukua mbao na likarudi na mlango, bibi yangu, wanawake saba na mjomba mmoja. Walipopita Maili Moja watu waliuliza kama ni msiba au ni harusi, maana wanawake wanaimba na mlango umelala kama maiti. Bibi akawajibu kutoka juu ya lori, "Ni nyumba inahama!"

Seremala alikuwa ameshatengeneza fremu, akausimamisha mlango kwenye kona ya ukumbi, akazungushia mikeka. Bibi akaitazama piano. "Hili jeneza lenye meno ndilo linalopiga wimbo wangu?" Mwalimu akapiga nota nne zile. Bibi akasikiliza, kisha akasema vidole vyake vina adabu ila vina haraka.

Tulinasa nyimbo nane, mimi kwenye ngoma, kila kitu shwari. Ilipofika ya tisa, bibi akanyoosha mkono. Mwali hajipigii. Nikampa ngoma zangu, nikaingia nyuma ya mikeka pamoja na kungwi wangu wa zamani, aliyenifunga kanga mpya na kunipaka mafuta yale yale. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani wa serikali, kidato cha nne, na bado mwali. Mjomba akachuchumaa, nikapanda mabegani. "La haula," akasema, "wanawalisha nini huko Kibaha?"

Fundi wa redio alikuwa amesikia bawaba zinalia wakati wa kujaribu, akaomba zitiwe mafuta. Bibi akamwambia mlango ule ulikuwa unalia kabla yeye fundi hajazaliwa. Taa nyekundu ya mashine ikawaka. Mlango ukafunguliwa polepole, na huo ndio mlio mnaoniuliza. Ikafuata ngoma ya bibi, peke yake. Halafu besi, chini kabisa. Halafu piano, ikiingia taratibu, bila haraka hata kidogo.

Nilitoka. Nilitokea mlangoni, nikainamisha kichwa ili nisijigonge kwenye fremu, na ukumbi wote ukawa vigelegele. Wapishi walikuwepo na miko yao. Baba yangu alikuwepo, safari hii anamtazama mkwewe usoni, analia bila kujificha. Mama alinitupia kanga. Mjomba aliguna, na mguno ukanaswa, akazunguka nami ukumbi mara tatu, masikini, ya tatu akiyumba. Na chini yetu mwalimu aliuzungusha wimbo ule, akautupa na kuudaka, na kila alipokuwa anataka kupotea, ngoma ya bibi ilimrudisha. Sijawahi kupiga vile. Watu wanaponisifu kwa ngoma ya wimbo wa tisa, huwaambia ukweli, na wengi hudhani ni unyenyekevu. Mimi sina unyenyekevu wowote. Wimbo ule sikupiga, nilibebwa.

Ngoma ikanyamaza. Mashine ilikuwa bado inazunguka. Mjomba akanishusha mbele ya bibi, nami nikapiga magoti. Alikuwa amekaa na ngoma mapajani, jasho linamtiririka, anatafuta pumzi. Kisha akanisukumia ngoma.

"Haya, mke mwenzangu. Shika ngoma yako, mikono imeniuma."

Yamo kwenye santuri maneno hayo, mwisho kabisa, kabla sindano haijaanza kukwaruza. Siku ile fundi wa redio alivua vipokea sauti vyake akauliza kama ayakate, kwa kuwa wimbo ulikuwa umeshakwisha. Nilimwambia akiyakata hayo, mimi nitamkata yeye.